Je, Lori Ni Kazi ya Wanaume Tu?

Siku hizi yako maneno yanayozunguka barazani na mbele ya maduka, nami nimeyasikia mara nyingi hata nimeona haifai kuyanyamazia. Husemwa kwamba mwanamke aachaye kazi yake, ikiwa ni ushonaji, au biashara ya duka, au ukarani, au hata ualimu, akaenda kujifunza kuendesha lori, amejivunjia heshima yake, tena amewavunjia heshima wazazi wake na mumewe. Wengine husema hivyo kwa upole, kama watu wanaomwonea huruma. Wengine husema kwa kicheko. Lakini neno lao wote ni moja: lori si kazi ya mwanamke. Mimi nasema neno hili si kweli, tena lina madhara, na leo nataka tulipime pamoja, hoja kwa hoja, kama mtu apimavyo nafaka kabla ya kuinunua.

Nasema lina madhara kwa kuwa haliishi barazani. Neno hili ndilo limfanyalo baba akatae kumlipia binti yake ada ya chuo cha udereva, ingawa alimlipia kaka yake bila kuuliza. Ndilo lifanyalo chama cha akiba na mikopo kimnyime mjane mkopo wake, kisha kimpe kijana asiyemzidi kwa lolote. Ndilo limfanyalo mwenye malori aitupe barua ya maombi mara aonapo jina la mwandikaji, kabla hajasoma leseni yake. Mwanamke huyo ana watoto wa kulisha na kusomesha. Mkono mtupu haulambwi, nasi tunaomfungia mlango hatumpelekei unga.

Basi tuitazame hoja ya kwanza, ndiyo ya nguvu. Ati lori ni zito, na mwanamke ni dhaifu. Kuwa lori ni zito, hilo ni kweli. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki sheria huruhusu gari lenye ekseli saba kufika tani 56 pamoja na mzigo wake. Lakini ni nani katika wanaume wetu awezaye kuzisukuma tani 56 kwa mabega yake? Hayupo. Mbele ya uzito kama huo mwanamume na mwanamke ni sisimizi wote wawili. Lori haliendeshwi kwa misuli. Usukani wake hulainishwa na mafuta yasukumwayo na injini, na breki zake hufanya kazi kwa upepo ulioshindiliwa katika matangi. Upepo ukivuja ukaisha, springi ngumu hubana magurudumu, gari likasimama.

Kinachotakiwa kwa dereva ni kitu kingine. Mtazame mtu atokaye Tunduma na mzigo wa shaba, akiuteremka mlima wa Kitonga katika mkoa wa Iringa. Hapana budi achague gia ndogo kabla hajaanza kushuka, aiache injini ilizuie gari, wala asikanyage breki mfululizo. Maana breki zisizopumzishwa hupata moto na kupoteza nguvu, na hapo hata mwenye kifua cha simba hawezi kuliokoa gari. Kazi hiyo yataka akili, macho na subira. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, wala hawakusema kama mwendaji ni mume au mke.

Tena, kama uliwahi kuwako wakati ambapo nguvu za mikono zilihitajika kweli, wakati huo ni zamani, usukani ulipokuwa ukigeuzwa bila msaada wowote. Na zamani hizo ndizo alizofanya kazi Lillie Drennan, mwanamke wa mji mdogo wa Hempstead katika jimbo la Texas, Marekani. Alizaliwa mwaka 1897, hakusoma sana, na katika ujana wake alifanya kazi ya kuunganisha watu kwa simu. Masikio yake yalikuwa mabovu kwa ajili ya ugonjwa wa utotoni. Mwaka 1928 yeye na mumewe walianza biashara ya kuchukua mizigo kwa lori. Mwaka uliofuata waliachana, biashara ikabaki mikononi mwake. Mwaka ule ule wa 1929 aliomba leseni ya kuendesha malori ya biashara. Wenye mamlaka wakasita, wakitaja masikio yake. Yeye aliamini kwamba kizuizi hasa ni uanamke wake. Hakuwaomba huruma, aliwataka watazame jinsi alivyokuwa akiendesha gari. Leseni akapewa.

Ikawaje baadaye? Aliisimamia kampuni yake kwa muda wa karibu miaka 24. Alipeleka mizigo ya kila namna, hata vifaa vya visima vya mafuta na baruti, ambayo haimsamehe dereva mzembe. Aliwafundisha madereva wake mwenyewe, akapewa tuzo kwa ajili ya usalama wa kazi yake. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, jeshi la Marekani lilitumia sifa yake ili kuwavuta wanawake wengine waje kuendesha malori.

Wakati wa vita hivyo hivyo, huko Uingereza, Binti Mfalme Elizabeth, ambaye baadaye alitawala kama Malkia Elizabeth II hata alipofariki mwaka 2022, aliingia jeshini mwaka 1945, akajifunza kuendesha magari ya jeshi na kutengeneza injini. Siku zile mikono ya wanawake haikuonekana kuwa dhaifu, kwa sababu ilihitajiwa. Amani iliporudi, na wanaume waliporudi wakitaka nafasi zao, udhaifu ukakumbukwa tena. Je, ni udhaifu gani huo, unaoondoka vita ikija na kurudi vita ikiisha?

Huko Urusi ilikuwako orodha ya kazi 456 walizokatazwa wanawake, na udereva wa malori makubwa ulikuwa mojawapo. Tangu tarehe 1 Januari 2021 orodha ile ilipunguzwa, zikabaki kazi 100 hivi, na kazi ya lori ikafunguliwa. Mnadhani mikono ya wanawake wa Urusi iliongezeka nguvu usiku ule wa kuamkia mwaka mpya? Katika jangwa la Thar, nchini Pakistani, tangu mwaka 2017 wanawake wa vijijini wamefundishwa kuendesha magari ya mgodi yenye kubeba tani 60. Na huko Ghana iko kampuni iitwayo Ladybird Logistics, ambayo madereva wake ni wanawake, nao hupeleka mafuta migodini. Hoja ya nguvu imekwisha jibiwa na kazi yenyewe.

Hoja ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, wala sitaki kuipita kwa haraka. Husemwa kwamba barabara ni mahali pa hatari na maovu. Hili ni kweli. Kutoka Dar es Salaam hata Tunduma ni zaidi ya kilometa 900, na mpakani lori laweza kukaa katika foleni usiku na mchana. Dereva hulala ndani ya gari. Mahali pengi pa kuegesha hapana choo safi, wala mahali pa kuoga penye mlango wa kufunga. Wako wezi wa mafuta na wa mizigo. Tena wako wasimamizi waovu wamwambiao mwanamke waziwazi kwamba hapati safari mpaka awape mwili wake.

Lakini, ndugu zangu, maovu haya ni ya nani? Mwanamke hakuyaleta, aliyakuta. Mwizi akiingia kijijini, je, twawafukuza wenye nyumba na kumwachia yeye kijiji? Basi mbona barabarani twafanya hivyo? Twamwambia aliyeonewa abaki nyumbani, na mwonevu twamwachia ofisi yake, ufunguo wake na mshahara wake. Hiyo si hekima ya wazee. Huo ni uvivu wa watu wasiotaka kupambana na mwovu, wakaona ni rahisi kumzuia mnyonge.

Tena mahali pasipomfaa mama hapamfai baba. Mwanamume naye hudhurika kwa kulala na njaa kando ya njia, kwa kuendesha akisinzia, na kwa magonjwa aokotayo safarini akaja nayo kwa mkewe. Sisi tumeyazoea haya kwa kuwa huwapata wanaume, tukayaita ugumu wa kazi. Nchini Kenya sheria humkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Je, sheria hiyo ni ya wanawake? Ni ya kila mwenye macho yanayochoka. Vyoo safi, maegesho yenye ulinzi, saa za kupumzika na adhabu kwa msimamizi mwovu, hayo yangetupasa kuyadai hata kama hakuna mwanamke hata mmoja aliyeshika usukani.

Hoja ya tatu ni ya nyumba na watoto. Ni nani atakayewalea, mama akiwa safarini? Swali hili ni jema, na mtu asiyeliuliza si mzazi. Lakini mbona twamwuliza mama peke yake? Baba akikaa safarini wiki tatu, hatumwiti mpotevu. Twamngoja kwa shukrani. Tena si kila lori huvuka mpaka. Yako malori ya mchanga, ya maji, ya saruji, na yale ya kupeleka bidhaa madukani, ambayo dereva wake hurudi kwake jioni. Mwenye mtoto mchanga huweza kuchagua hayo, na mwenye watoto wakubwa, au mwenye mama na dada wa kumsaidia, huweza kwenda mbali. Wenye nyumba ndio wapaswao kulipanga, wala si sisi wapita njia.

Nanyi mwajua kwamba wanawake wetu wamo safarini tangu zamani. Muuguzi hulala hospitalini akikesha na wagonjwa, nasi twamsifu. Mwanamke mfanyabiashara hupanda juu ya magunia ya dagaa nyuma ya lori, akapigwa na jua na mvua na baridi ya usiku, nasi twamwita hodari. Lakini akishuka juu ya magunia yale, akaja kuketi mbele nyuma ya usukani, palipo na kivuli na mshahara, hapo twasema amepotea! Barabara ni ile ile na usiku ni ule ule. Kilichobadilika ni kiti tu. Basi labda kinachotuudhi si hatari za safari, ila ni ule usukani.

Hoja ya nne husemwa hasa na sisi walimu. Mwenzetu akiacha chaki na kushika usukani, twalalamika kwamba elimu yake imetupwa. Lakini mwalimu mwanamume akiacha shule akawa karani, au mfanyabiashara, au mwanasiasa, twamwandalia karamu ya kumwaga. Wala elimu haitupwi njiani. Dereva wa lori husoma hati za forodha na za mzigo, hukadiria uzito wa kila ekseli kabla ya kufika mizani, huandika safari zake, na husemezana na watu wa mataifa mbalimbali mpakani. Asiyejua kusoma hudanganywa na wenye mzigo na wenye vizuizi pia. Kwangu mimi, lori mikononi mwa mtu aliyesoma ni faida kwa wote wapitao njia ile.

Wala msinielewe vibaya. Sisemi kila mwanamke aache kazi yake akimbilie malori kwa kuwa amesikia habari za mshahara. Kazi ni ngumu, na atakayeiendea ajifunze kweli, wala asinunue leseni kwa rushwa, maana leseni ya kununuliwa huua, iwe mkononi mwa mume au mke. Wala siombi apunguziwe mtihani. Naomba jambo moja tu: apimwe kwa kipimo kile kile, na akishinda apewe kazi ile ile kwa mshahara ule ule.

Basi ninyi wazazi, binti akitaka kujifunza, mwulizeni kama ana macho mazuri na moyo wa subira, kama mnavyomwuliza kaka yake. Ninyi mlio katika kamati za akiba na mikopo, tazameni kitabu cha malipo ya mwombaji, msitazame kanga yake. Ninyi wenye malori, someni leseni kabla ya jina. Nanyi madereva wanaume, mkimwona mwenzenu mwanamke katika maegesho, mlindeni kama mlindavyo mzigo wenu, kwa maana pale atakapolala salama yeye, hapo na ninyi mtalala salama. Na sisi sote tulioketi barazani tunyamaze kidogo, tumpime dereva kwa njia aliyoipita na mzigo alioufikisha salama.