Nyumba Ina Wenyewe: Mwalimu Aulize Nini?

Mwaka 1916 kilichapishwa mjini Leipzig, Ujerumani, kitabu cha mmisionari Jakob Dannholz kuhusu imani ya Wapare juu ya mizimu. Dannholz alikuwa amefanya kazi Mbaga, katika milima ya Pare ya Kusini, na jina la kitabu chake liliwaonyesha Wapare kama watu waliotekwa na imani hiyo. Tangu wakati huo miaka zaidi ya mia moja imepita. Misheni ya Mbaga imekuwa mahali pa kale panapotembelewa na wageni watokao mbali, nao jioni husimuliwa habari za jiwe la Malameni ambako, kwa masimulizi ya wenyeji, zamani watoto walitolewa kafara. Kisha taa huzimwa, na paa la bati huanza kugonga.

Yeyote aliyepata kulala katika nyumba kuukuu za wilaya ya Same, ziwe za misheni, za reli au za mashamba ya mkonge, anaujua mgongo huo. Watu husema, "Nyumba hii ina wenyewe." Mwanafunzi akilileta neno hilo darasani, mara nyingi hujibiwa kwamba huo ni ushirikina, na somo likaendelea. Jibu hilo halitoshi, na tena si la kisayansi. Mwanafunzi amesikia sauti kweli. Kumwambia kwamba mizimu haipo si kumweleza ni kitu gani kilichogonga, naye atatoka darasani akiwa na mambo mawili tu ya kuchagua: ama mwalimu hajui, ama masikio yake yamemdanganya.

Tulitazame bati hilo. Same iko upande wa milima usiopata mvua nyingi. Mchana jua ni kali, na usiku, mbingu zikiwa hazina mawingu, joto la paa hupotea upesi. Chuma kikiongezewa joto la digrii moja ya sentigredi, hutanuka kiasi cha milimita 12 kwa kila kilometa moja ya urefu. Bati la mita 3 lililofikia digrii 60 mchana likapoa hadi digrii 15 usiku hufupika kwa milimita 1.6 hivi. Hicho ni kiasi kidogo, lakini bati limepigiliwa misumari na kulaliwa na bati jingine, kwa hiyo haliteremki polepole. Hushikiliwa mpaka nguvu ya kulivuta ipite nguvu ya msuguano, ndipo huteleza ghafula na kulia. Mbao za dari hupokea mtikisiko huo na kuutawanya, hata asikiaye asijue umetoka upande gani. Kuta nene za mawe nazo hupoa kwa mwendo wao wenyewe, polepole sana kuliko paa, na hivyo vitu vilivyofungwa pamoja huvutana hadi usiku wa manane.

Maelezo haya yanaweza kupimwa, na hapo ndipo faida yake ilipo. Wanafunzi waweke kipimajoto chini ya bati, waandike saa ya kila mgongo kwa siku saba, kisha wachore grafu. Kama maelezo ni ya kweli, migongo itakuwa mingi joto linapobadilika upesi, yaani baada ya jua kutua, na tena asubuhi jua linapopanda. Huyo wa asubuhi hasimuliwi kamwe. Saa mbili asubuhi watu wana kazi zao, na hakuna anayemsikiliza mzimu. Usiku ambao mawingu yametanda migongo inapaswa kupungua. Isipopungua, maelezo yana kasoro na itabidi yatafutwe mengine: panya, popo, au bundi, ambaye huuawa kwa kudhaniwa kuwa mleta mikosi ilhali ndiye anayewala panya hao.

Jambo la pili ni jinamizi. Mtu huamka chumbani, huona na kusikia, lakini hawezi kuinua hata kidole. Kifua kimeelemewa, naye ana hakika kwamba yuko mtu mwingine ndani. Tunapoota, ubongo huizuia misuli ili tusitende yale tunayoyaota. Mara nyingine fahamu hurudi kabla kizuizi hicho hakijaondoka, na ndoto huchanganyika na chumba halisi kwa muda wa nukta kadhaa au dakika chache. Uchovu, usingizi wa kukatikakatika na kulala chali huzidisha hali hiyo, na mabweni ya wanafunzi wakati wa mitihani yana mambo hayo yote. Watafiti kadhaa wameihusisha hali hii na hofu ya Popobawa iliyoenea Pemba na Unguja mwaka 1995, ingawa hofu ile ilikuwa pia na sababu zake za kijamii na kisiasa. Katika ghasia hizo mtu mmoja aliyekuwa mgonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa, akauawa na umati. Anayesema kwamba hadithi za mizimu ni mchezo usiomdhuru mtu na amkumbuke huyo.

Ni haki pia kuwaonya wapenda sayansi wasikimbilie kila jibu lenye sura ya kitaalamu. Mwaka 1998 Vic Tandy, mhandisi wa Coventry, Uingereza, aliandika kwamba kivuli alichokiona katika maabara kilitokana na mawimbi ya mtetemo wa mara 19 hivi kwa nukta, chini ya kiwango cha kusikika, yaliyotolewa na feni. Jambo lenyewe linavutia, lakini majaribio ya baadaye hayakulithibitisha vya kutosha.

Wala si kila kitu katika hadithi kinaisha kwa kipimajoto. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar kuna jengo la Mambo Msiige la karne ya 19, ambalo tangu mwaka 2015 limekuwa sehemu ya hoteli kubwa. Husemwa kwamba udongo wake ulichanganywa na maelfu ya mayai, na kwamba watumwa walizikwa hai ndani ya kuta. Habari ya mayai mkemia anaweza kuipima kwa kipande kidogo cha lipu. Habari ya watumwa yataka kazi ya namna nyingine. Hata kama kutani hamna mfupa hata mmoja, soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, na misafara ya biashara ilipita bonde la Pangani, chini ya milima hii hii ya Pare. Profesa Isaria Kimambo, alipoandika historia ya Wapare iliyotoka mwaka 1969, hakuyatupa masimulizi ya wazee wala hakuyameza mazima. Aliyalinganisha yenyewe kwa yenyewe. Ufundi huo na ule wa kipimajoto ni ndugu.

Lakini liko jambo moja lisilongoja grafu. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyohamia nyumba ya zamani mwaka 1912. Walisikia nyayo, waliona watu wasiokuwapo, waliamka wamechoka na vichwa vikiwauma. Hata maua ya ndani yalikufa. Ilipochunguzwa tanuri ya kupasha nyumba moto ilionekana mbovu, ikimwaga moshi vyumbani. Ilipotengenezwa, mizimu iliondoka. Hewa iliyowasumbua ni kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Milimani Pare, mwezi wa Juni na Julai, baridi huwafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu hautoi moshi unaoonekana, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa salama.

Basi mwanafunzi akisema kwamba chumba alicholala kina wenyewe, kwamba aliona vivuli na kuamka na kichwa kizito na kichefuchefu, asiulizwe kwanza kama anaamini mizimu. Aulizwe jiko lilikuwa wapi, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa, na leo usiku ni nani atakayelala humo.