Wachaneni na viumbe wa angani, Kailasa ilichongwa kwa tindo na nyundo

Mnaijua ile video. Muziki wa kutisha, kamera inashuka polepole juu ya hekalu kubwa la mawe huko India, halafu sauti nzito inauliza: "Je, binadamu wa kale wangeweza kweli kutengeneza hii?" Ukishuka kwa maoni, wasee wameshaamua. Ni viumbe wa angani, ama mashine iliyopotea, ama teknolojia tuliyofichwa.

Mimi nasema hapana, na si kwa upole. Hiyo si kontenti ya kufungua akili. Ni wizi. Mnawaibia mafundi waliokufa kazi yao, na mnawaibia mchana.

Hekalu lenyewe linaitwa Kailasa. Liko Ellora, jimbo la Maharashtra, na kwa hesabu ya mapango ya pale ni namba 16. Halikujengwa kwa kupanga jiwe juu ya jiwe. Lilichongwa kutoka kwa mwamba mmoja wa basalti, kuanzia juu kushuka chini. Walichimba mitaro mirefu kuzunguka, wakaacha bonge la jiwe limesimama katikati, kisha wakalichonga bonge hilo likawa hekalu lenye nguzo, ngazi, vyumba na tembo. Urefu wake ni kama mita 30. Wanahistoria wanalihusisha na Krishna wa Kwanza, mfalme wa Rashtrakuta aliyetawala karibu mwaka 756 hadi 773.

Sasa tuingie kwa ile hesabu yenu mnayoipenda. Mnasema tani 400,000 za mawe zilitolewa kwa miaka 18, kwa hivyo ni tani 5 kila saa, saa 12 kwa siku, kwa hivyo haiwezekani. Sawa, tuchukue namba zenu vile zilivyo, hata kama tani 200,000 ndiyo inatajwa na wengi. Tani 5 kwa saa ni kama tani 60 kwa siku. Weka watu 300 kazini. Kila mmoja anatoa kilo 200 kwa siku, yaani uzito wa mifuko minne ya simiti. Enyewe mawe ni magumu na kazi ni ya kuvunja mgongo, lakini mifuko minne? Tembea uende machimbo yoyote ya mawe hapa Kenya uwaambie wale wasee kilo 200 kwa siku ni kazi ya viumbe wa angani. Watakucheka mpaka uondoke.

Na hakuna aliyelazimika kusaga kila kilo iwe vumbi. Ukishachimba mtaro pande zote, unapasua jiwe vipande vikubwa na kuviondoa. Hata hiyo miaka 18 ni karibu tu na urefu wa utawala wa Krishna. Jengo halina sababu ya kuisha siku mfalme anapokufa, na kuna wataalamu wanaosema kazi iliendelea chini ya wafalme waliofuata.

Lakini hesabu si hata ndiyo shida kubwa. Shida kubwa ni kwamba hizo video zinakuonyesha hekalu moja peke yake, kana kwamba lilianguka kutoka mbinguni. Zinakuficha miaka elfu moja ya mazoezi.

Karne ya 3 kabla ya Kristo, wakati wa mfalme Ashoka, watu walishakuwa wanachonga vyumba ndani ya miamba migumu huko Barabar, Bihar, na kuzisugua kuta mpaka ziking'aa kama kioo. Baadaye wakaja watawa wa Kibuddha na wafadhili wao. Wakachonga Bhaja, Karle na Ajanta. Walihitaji kumbi ndefu za ibada zenye stupa mwishoni, ili muumini aweze kuizunguka kwa miguu, na vyumba vidogo vya watawa kulala. Dini ndiyo ilichora ramani, fundi akaifuata.

Pale Ellora yenyewe, pango la 1 hadi la 12 ni ya Wabuddha. La 13 hadi la 29 ni ya Wahindu. La 30 hadi la 34 ni ya Wajaini. Dini tatu, mlima mmoja. Ingia pango la 10 uangalie dari: utaona mbavu za mawe zilizopindwa kama boriti za mbao. Hizo mbavu hazibebi kitu. Fundi alikuwa anaiga paa la mbao kwa sababu kumbi za zamani zilikuwa za mbao, na watu wa huko wanaliita pango la seremala. Si uniambie, kiumbe aliyevuka nyota na nyota kwa chombo cha ajabu alikuja duniani kuiga kazi ya seremala?

Hata ramani ya Kailasa haikutoka angani. Inafanana sana na hekalu la Virupaksha huko Pattadakal, lililojengwa karibu miaka ya 740 kwa amri ya malkia Lokamahadevi kusherehekea ushindi wa mumewe dhidi ya Wapallava. Warashtrakuta wakaja kuupindua ufalme huo, na wakaendeleza mtindo wake. Kule Kalugumalai, Tamil Nadu, kuna hekalu lingine la karne ya 8 linaloitwa Vettuvan Koil, nalo limechongwa kwenye mwamba mmoja kutoka juu kushuka chini. Juu limekamilika, chini bado ni jiwe tupu. Halikuisha. Kwani viumbe wa angani waliishiwa na mafuta? Hapana. Binadamu huishiwa na pesa, mfadhili hufa, vita huja. Sisi Wakenya tunajua vizuri sana jengo lililosimama katikati linamaanisha nini.

Halafu kuna maana yenyewe. Kailasa ni jina la mlima wa Shiva. Kwa Wahindu, hekalu ni mlima wa mungu, na ndani kabisa kuna chumba kidogo chenye giza ambacho jina lake lina maana ya tumbo la uzazi. Kwenye hekalu hili wamechonga Ravana, yule mfalme wa mapepo, akiutikisa mlima kutoka chini, na Shiva ametulia juu. Hiyo ni mahubiri kwa jiwe. Ukisema ni mashine ya kale ama kituo cha nishati, umefuta imani ya watu waliolipia, waliochonga na wanaoiheshimu mpaka leo.

Na jua hili: kuna bamba la shaba la karibu mwaka 812 linalolisifu hekalu hili. Linasema miungu waliopita angani walishangaa, na fundi mwenyewe alijiuliza aliwezaje kulifanya. Watu wa wakati ule waliduwaa kama wewe. Tofauti ni kwamba wao walimsifu fundi.

Sasa nije kwa kinachoniuma. Notre-Dame ya Paris ilianza kujengwa 1163, na sijaona umati ukiuliza kama Wafaransa walisaidiwa na viumbe wa angani. Swali hilo huulizwa sana kazi ikiwa ya Wahindi, Wamisri, Wamaya, na sisi. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch aliona kuta za Great Zimbabwe akazihusisha na Malkia wa Sheba. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akasema wazi ni kazi ya Waafrika. Serikali ya Rhodesia haikutaka hilo lisemwe, na mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Garlake akaondoka nchini humo kwa sababu ya shinikizo. Ukisambaza video ya Kailasa unacheka, unaimba wimbo ule ule uliotumiwa kumnyima babu yako ukuta wake.

Najua mtasema: "Buda, ni burudani tu." Burudani gani inayohitaji mtu mweusi na mtu wa rangi ya kahawia waonekane wajinga ili ifurahishe? Na wengine watasema mimi niliacha chuo, nisiwafundishe historia. Niliacha chuo, ndio. Sikuacha kusoma. Kugawanya 400,000 kwa 18 hakuhitaji digrii.

Ukiwa Nairobi na una shaka, nenda uangalie lile hekalu la BAPS Swaminarayan lililofunguliwa 1999. Lina minara inayopanda kama mlima, mawe na mbao zilizochongwa maua na sanamu. Lilichongwa na mafundi wenye majina, waliolipwa mshahara na kula chakula cha mchana. Hiyo kazi haijapotea. Bado inafanywa.

Kwa hivyo ile video ikifika kwa simu yako tena, usiisambaze. Uliza fundi alikuwa nani, alijifunza wapi, na nani alimlipa. Ukitaka kubishana, njoo kwenye maoni na hesabu, usije na muziki wa kutisha.