Tajeni mshahara kwenye tangazo la kazi

Usaili ukikaribia kwisha, mmoja wa jopo huinua macho kutoka kwenye wasifu na kuuliza: "Unatarajia kulipwa kiasi gani?" Kwa mtu aliyetoka chuo mwaka huu, hilo huwa gumu kuliko maswali yote ya asubuhi hiyo. Akitaja kikubwa, ataonekana haijui dunia. Akitaja kidogo, atapewa hichohicho, na nyongeza za miaka inayofuata zitahesabiwa kuanzia hapo. Anayeuliza ana bajeti ya nafasi hiyo, iliyopitishwa kabla tangazo halijatoka, anayeulizwa anabahatisha. Kisha tunakaa redioni na kwenye vikao tukilalamika kwamba wahitimu wa siku hizi wanataka mishahara mikubwa kabla hawajaonyesha kazi. Naona lawama hiyo imebisha hodi mlango usio wake. Matarajio ya vijana yanakwenda kombo kwa sababu mshahara tumeufanya siri, na mwenye uwezo wa kuimaliza siri hiyo ni mwajiri.

Tuangalie kwanza matarajio hayo yanatoka wapi. Mei Mosi ya mwaka 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Tangazo hilo lilisikika nchi nzima. Mwenye shahada akilisikia hujiambia kwamba ikiwa wa chini kabisa analipwa laki tano, yeye lazima awe juu ya hapo, tena si kwa tofauti ndogo. Ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu. Kasoro yake ni kwamba waajiri binafsi wana amri yao ya mishahara, ambayo huweka kima cha kila sekta peke yake, na vingi kati ya vima hivyo viko chini ya laki tano. Hilo halikutangazwa jukwaani kwa kishindo kilekile, na mtu akitumia namba pekee aliyopewa, hatuwezi kumwita mlafi.

Zaidi ya hapo, namba yenyewe hubadilika kufuatana na anayeitamka. Chukua mshahara wa shilingi 800,000. Mchango wa mfanyakazi wa asilimia 10 kwa NSSF unaondoa 80,000. Kinachobaki, 720,000, ndicho kinachotozwa kodi ya PAYE: 270,000 za mwanzo hazikatwi, zinazofuata hadi 520,000 hukatwa asilimia 8, na 200,000 zilizosalia hukatwa asilimia 20. Jumla ya kodi ni 60,000. Kama kijana alisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yangekuwa asilimia 8. Mkononi anabaki na 540,000. Mwajiri naye anaongeza 80,000 zake za NSSF, bado tozo ya ujuzi na mfuko wa fidia, hivyo kwake ajira hiyo inazidi 880,000. Meneja anaposema kampuni inalipa vizuri, anaona laki nane na ushee. Kijana anaona laki tano na nusu, na mwenye nyumba anamsubiri na kodi ya miezi sita. Chumba cha 150,000 kwa mwezi kinadai 900,000 kwa mkupuo, zaidi ya mshahara wa mkononi wa mwezi mmoja na nusu. Watu wawili wanaweza kugombana mwaka mzima kuhusu kazi ileile, na kila mmoja akawa anasema kweli.

Kariakoo watu hupatana bei, lakini mnunuzi wa kitenge anaweza kupita maduka matano kabla ya kutoa hela, na akirudi kwenye lile la kwanza anajua pa kuanzia. Mhitimu hana maduka matano. Ana wito mmoja wa usaili, pengine baada ya maombi hamsini, na huenda umemkuta Songea ilhali usaili upo Dar es Salaam. Anakopa nauli, analala kwa ndugu, anaazima viatu, kisha anatajiwa kiwango ambacho angekikataa kwa simu. Jopo nalo limepoteza siku nzima kwa mtu ambaye halikuwa na uwezo wa kumlipa.

Serikali, pamoja na kasoro zake, hili inalifanya. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaja ngazi ya mshahara, na mwalimu mwenye shahada anajua ataanzia TGTS D kabla hajajaza fomu. Ngazi hizo ni herufi zinazohitaji mfafanuzi, sawa, lakini ni ukoo gani huo usio na mwalimu au nesi?

Wapo watakaosema soko ndilo linaloamua: wahitimu ni wengi, nafasi ni chache, basi mshahara ushuke. Sibishi kwamba wingi hushusha mshahara. Ila soko hufanya kazi pale bei inapoonekana. Anayemaliza kidato cha sita leo, kama angeweza kusoma matangazo ya mwaka mzima na kuona ofisa masoko anaanzia wapi na fundi mitambo anaanzia wapi, angechagua kozi kwa macho mawili. Wengine watasema mhitimu hajaiva na hapaswi kulipwa kama mzoefu. Ni kweli, na tangazo linaweza kusema hivyo: kiasi fulani katika kipindi cha majaribio, kiasi kingine akithibitishwa. Duka la dawa lenye uwezo wa laki nne na chakula cha mchana liandike laki nne na chakula cha mchana. Wapo watakaokubali, na watakaokubali hawatakuja na kinyongo.

Pingamizi lenye uzito ni la meneja rasilimali watu anayesema kwamba akitangaza laki nane kwa mgeni, kesho yake yule aliyeajiriwa kwa laki saba miaka mitatu iliyopita atakuwa mlangoni kwake. Atakuwepo kweli, na ana haki ya kuwepo. Lakini katika ofisi ya watu thelathini, mshahara wa mgeni hujulikana kabla mwezi haujaisha, mara nyingi ukiwa umetiwa chumvi. Kusawazisha ngazi kunagharimu, na kampuni ndogo zitahitaji muda. Muda huo zipewe.

Kwingine wameshaanza. Jimbo la Colorado nchini Marekani limewataka waajiri kutaja viwango kwenye matangazo tangu Januari 2021, na Jiji la New York likafuata Novemba 2022. Huko baadhi ya kampuni zilijaribu kukwepa kwa kuandika viwango vipana mno visivyomsaidia mtu, kwa hiyo sheria yetu iweke kikomo cha upana. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo la mwaka 2023, umezitaka nchi wanachama zihakikishe mwombaji anajua mshahara wa kuanzia, au kiwango chake, mapema kiasi cha kuweza kujadiliana akiwa na taarifa; na mwajiri haruhusiwi kumuuliza alilipwa kiasi gani kazi iliyopita.

Sisi hatuanzii sifuri. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 tayari kinamtaka mwajiri ampe mwajiriwa, kwa maandishi, maelezo ya malipo yake na namna yanavyokokotolewa pale anapoanza kazi. Maelezo hayo yapo, ila yanachelewa. Waziri mwenye dhamana ya kazi apeleke bungeni marekebisho ya kuyasogeza hadi siku ya tangazo, na waajiri wenye nia njema wasimngoje. Inatosha kuandika: mshahara wa msingi, shilingi 750,000 hadi 850,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Kijana wa Songea mwenye deni la Bodi atachukua kalamu, apige hesabu ya kitakachobaki mkononi, kisha aamue kama akate tiketi ya basi.