TAARIFA KWA WANACHAMA: KWA NINI TUMERUDISHA SHILINGI 2,400,000



Tangu juzi tunaulizwa kuhusu fedha ambazo tawi limezirudisha. Hili ndilo jibu la Kamati.

Fedha hizo zilitajwa kuwa michango ya watumishi wa taasisi moja ya hapa kwetu. Zilikuja kwa muamala mmoja, kutoka simu ya ofisa mmoja, pamoja na orodha ya majina 124 yenye muhuri wa ofisi. Kila aliyesaini ametoa 20,000. Mfagizi 20,000, mkuu wa idara 20,000. Anayejua mishahara ya pale ataelewa kwa nini tulishtuka.

Majina manne hayana sahihi. Maana yake sisi tunajua wanne hao hawakutoa, na bosi wao anajua pia. Hili lilituuma kuliko yote. Chama hakina haja ya kujua nani hakutupa, na mwajiri ndiyo kabisa.

Tuje kwenye hesabu. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inataka mchango wa hiari unaozidi shilingi milioni 1 kutoka kwa mtu binafsi, au milioni 2 kutoka kwa taasisi, uwekwe wazi kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Tukiandika ni watu 120, hakuna hata mmoja anayekaribia kiwango. Tukiandika ni taasisi, kiwango kimevukwa. Orodha inasema watu. Muhuri na muamala mmoja vinasema taasisi. Mweka Hazina angeandika nini kwenye stakabadhi? Na hiyo hiari angeithibitishaje?

Mwenzetu mmoja ametutumia mfano wa Marekani: mwaka 2008 watumishi wa Chuo Kikuu cha California waliongoza orodha ya wachangiaji wa Obama. Ni kweli, ila mfano huo unatuunga mkono sisi. Kule makampuni yamekatazwa tangu 1907 kuwapa fedha wagombea wa ngazi ya taifa. Chuo hakikutoa kitu. Kila mtumishi alitoa kivyake, kiasi chake. Jina la chuo limeonekana kwa sababu anayechangia zaidi ya dola 200 huulizwa mwajiri wake, kisha wafuatiliaji wakajumlisha.

Wapo waliosema fedha ni fedha, mawakala watakula nini siku ya kura. Hoja ni nzito. Kodi ya ofisi tunadaiwa miezi miwili, na gari la matangazo sasa litatoka siku chache kuliko tulivyopanga. Kamati ilijua hayo ilipoamua.

Mtumishi wa taasisi ile, au nyingine yoyote, anakaribishwa kuchangia mwenyewe, hata 1,000, na atapewa stakabadhi yenye jina lake. Asiyetaka hatamsikia mtu wa tawi akimuuliza. Waliosaini hawana kosa lolote kwetu.

Orodha imerudi pamoja na fedha na hatukubaki na nakala. Mwanachama aliyepiga picha ukurasa wa majina aifute leo. Asiitume popote, hata kwa utani.

Mweka Hazina yupo ofisini Jumatano na Jumamosi, saa 10 hadi 12 jioni.

Katibu wa Tawi
Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji