Taka za mionzi: Meru na Embu zisijione ziko mbali

MJADALA wa nyuklia nchini huchukuliwa kuwa wa Uyombo, Kilifi, ambako wakazi waliandamana mwaka 2024 kupinga mtambo wa umeme, au wa Siaya, iliyotajwa baadaye. Meru na Embu huusikiliza kama watazamaji. Wanakosea. Njia fupi zaidi ya taka za mionzi kuwafikia ni hospitali.

Kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani kutoka kaunti hizo wamesafiri hadi Nairobi kutafuta tiba ya mionzi. Wanastahili huduma karibu. Hata hivyo, mashine ya umeme ikizimwa, mionzi hukoma. Kobalti-60 haizimwi, na nguvu zake hupungua kwa nusu tu kila baada ya miaka mitano hivi.

Huko Goiânia, Brazil, mwaka 1987, mashine ya tiba iliyotelekezwa katika kliniki iliyohama ilivunjwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Watu wanne walifariki na 249 wakapatikana na vumbi la mionzi. Biashara ya vyuma chakavu nasi twaijua. Serikali iliisimamisha kwa miezi kadhaa mwaka 2022.

Kenya ina sheria ya udhibiti ya mwaka 2019 na kituo cha kuhifadhia taka hizo Oloolua. Udhaifu uko kimataifa: mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) wa 2003 hauifungi nchi yoyote kisheria. Mtengenezaji akikataa kurudishiwa kobalti iliyochoka, mzigo humwangukia mnunuzi. Sharti la kuirejesha, pamoja na gharama yake, liandikwe mkatabani kabla ya fedha za kaunti kulipwa.