Mguu wa Bandia Usikae Chini ya Kitanda



Huenda unamjua mtu wa namna hii. Alikatwa mguu kwa ajali ya pikipiki au kwa kidonda cha kisukari. Akapewa mguu wa bandia. Leo mguu huo uko chini ya kitanda, umejaa vumbi, naye anatembea kwa magongo. Ukimwuliza anajibu, "Unaniumiza." Watu wa nyumbani wanasema ni mvivu. Mimi nasema hapana. Mguu huo haumkai sawa. Urudishwe kwa fundi.

Mguu wa bandia haununuliwi kama kiatu. Hutengenezwa kwa mtu mmoja tu. Fundi huviringisha bandeji ya plasta kwenye kigutu. Plasta ikikauka huivua, humimina plasta ya majimaji ndani yake, akapata sanamu ya kigutu. Hukwangua sanamu hiyo mahali panapoweza kubeba uzito. Mahali penye mfupa unaouma huongeza plasta. Kisha huifunika kwa plastiki ya moto. Plastiki hiyo ndiyo kikombe cha kuingizia kigutu. Chini yake hufungwa bomba na wayo. Basi usirithi mguu wa marehemu, hata kama mlikuwa na kimo kimoja!

Miezi ya kwanza kigutu husinyaa. Kikombe hulegea, kigutu huzama na kuchubuka. Kuongeza soksi husaidia kwa muda. Soksi zikizidi kuwa nyingi, kinahitajika kikombe kingine. Mtoto naye hukua, lakini mguu wake wa bandia haukui.

Hapo ndipo ndugu tunapokosea. Tunachanga fedha za mguu, tunasahau nauli ya kurudi. Kutoka Chamazi au Bunju hadi hospitali si karibu, na mgonjwa hawezi kugombania daladala. Nauli ya safari zile nyingine ihesabiwe tangu siku ya kwanza ya mchango.

Kila jioni vua mguu, osha kigutu kwa maji na sabuni, ukikaushe. Kitazame kwa kioo. Mwenye kisukari aweza kuwa na kidonda asisikie maumivu. Ukiona kidonda, au wekundu usioondoka, acha kuuvaa uende ukaonwe.

Ambaye bado hajapata mguu asilaze kigutu juu ya mto. Goti au nyonga ikizoea kukunjwa hukakamaa, na fundi atapata taabu.

Huduma hii ipo CCBRT, Msasani, Kinondoni, na pia taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili. Mafundi wake ni watu waliosomea kazi hii. Chuo chao kiko KCMC, Moshi, tangu 1981.

Ukienda, chukua viatu unavyovaa kila siku. Fundi hupanga mguu kufuata urefu wa kisigino. Chukua vyote viwili, hata kile ambacho hukivai tena.