SEHEMU YA 4: Shimo lile ni la nani?

Tunaendelea na mada ya watoto na maji. Ndoo, karo na visima tumeshamaliza. Leo ni zamu ya mashimo ya machimbo yaliyoachwa.

Mnayajua. Barabara ilijengwa, mkandarasi akachimba kifusi pembeni ya kijiji, kazi ikaisha, akafungasha akaondoka. Au watu walichimba mchanga na mawe mpaka yakaisha, wakahamia kwingine. Shimo likabaki. Kiangazi watoto wanacheza humo. Masika linajaa, na kingo zake zimekatwa wima. Hatua moja maji yako magotini, hatua ya pili yamemzidi kimo. Mtoto hana pa kushika wala pa kukanyaga, na kwa lile tope hata aliyezama haonekani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Vifo zaidi ya 9 kati ya kila 10 vilitokea nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu sisi.

Halafu msibani tunauliza nini? "Mama yake alikuwa wapi?" Jamani, mama alikuwa shambani. Alikuwa sokoni anatafuta hela ya uji. Mimi naona tunamuuliza mtu asiyehusika. Swali ni hili: shimo lile ni la nani, na nani alijua kwamba lipo?

Maana ukiwa chini hulioni. Nyasi zimeota, vichaka vimefunika kingo, njia imekufa. Dada wa kazi aliyefika wiki iliyopita atajuaje? Lakini kwa juu ardhi haifichi kitu. Chukua simu, fungua ile ramani ya kutafutia njia, badili iwe picha ya setilaiti, tafuta kijiji chenu, vuta karibu. Angalia haya:

1. Doa la rangi tofauti katikati ya kijani. Kifusi huonekana chekundu, mawe ya matumbawe huku pwani huonekana meupe.
2. Kingo zilizonyooka au zenye kona. Bwawa la asili hupinda taratibu, katapila hukata.
3. Njia ya magari inayoishia hapo hapo, pasipo nyumba wala shamba.
4. Kivuli kizito upande mmoja wa ukingo. Hapo pana kina.
5. Maji meusi, ya kijani, au ya rangi ya chai ya maziwa.

Tuelewane kitu kimoja. Picha hizo si za leo, nyingine zina miaka kadhaa, na inawezekana ilipigwa kiangazi. Shimo kavu kwenye simu laweza kuwa limejaa sasa hivi. Na doa jekundu laweza kuwa uwanja wa mpira tu. Kwa hiyo nenda ukaone kwa macho, na mtu mzima mwenzako, watoto wabaki nyumbani.

Kuna atakayesema, "Nesi, shimo hilo tumelikuta, ng'ombe wanakunywa, tunafyatulia matofali." Ni kweli, na sisemi yote yafukiwe. Nasema yajulikane. Lenye kazi lichongwe upande mmoja liwe na mteremko wa kutokea, pande nyingine zizungushiwe uzio, hata wa miti. Lisilo na kazi lifukiwe. Maji yaliyotuama huzalisha mbu wa malaria, na wakiwemo konokono wa kichocho, mtoto anayeogelea anarudi na ugonjwa.

Msiniambie haiwezekani. Pale Bamburi, Mombasa, mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo makubwa ya kiwanda cha saruji, juu ya mwamba mtupu. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa zilishika 3 tu, mvinje na mnazi zikiwemo. Leo ni msitu wenye wanyama na wageni wanalipa kiingilio. Sisi hatuombi msitu. Tunaomba mteremko na uzio.

Sasa kazi yenu. Pigeni picha ya skrini, wekeni alama kila shimo, nendeni nayo mkutano wa kijiji. Mwambieni mwenyekiti na mtendaji iandikwe kwenye muhtasari: shimo liko wapi, nani alichimba, nani atalishughulikia, lini. Na mkandarasi mpya akija kuomba eneo la kuchimba, akubaliane kwanza nani atafukia. Akishaondoka, kumpata ni kazi.

Mama mmoja akienda peke yake ataambiwa ana maneno mengi. Mkienda kumi na picha mkononi, mtasikilizwa. Fanyeni hivyo sasa, mvua hazijaanza.

Sehemu ya 5 nitaeleza huduma ya kwanza kwa mtoto aliyezama, na kwa nini hatumning'inizi kichwa chini. Mtumie na jirani yako huyu ujumbe, hasa anayeishi karibu na machimbo.